Jiwe la Bilal na unga wa Nahdiya

Wasomaji wetu wengi, wawe Maskati, Leicester au Toronto, hawahitaji kuelezwa filamu ya Ar-Risala ni kitu gani. Ile kaseti ya video, iliyonakiliwa juu ya nakala mpaka rangi zikafifia, ilikaa miaka mingi kwenye makabati ya nyumba zetu, ubavuni mwa kaseti za taarabu na za harusi za jamaa. Siku hizi watoto wanaitazama kwenye simu. Sisi tuliitazama tena Ramadhani iliyopita, ukumbini, baada ya tarawehe, vijana wamekaa chini mbele na wazee nyuma kwenye viti, na tukatoka na neno ambalo halijatutoka mpaka leo.

Ilipofika pale Bilal amelazwa kwenye mchanga wa moto na jiwe limewekwa kifuani, ukumbi wote ulinyamaza. Mtoto mmoja wa miaka kama kumi akauliza kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha huku ughaibuni: "Mbona hasemi tu wanachotaka, halafu baadaye aseme kweli?" Watu wakacheka. Mtu mzima mmoja akamwambia anyamaze, asiharibu. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma kabisa hakucheka. Alisema, "Ammar alisema, mjukuu wangu. Ammar alisema, na Mtume hakumkasirikia." Filamu ikaendelea, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Tumejiuliza tangu siku ile: kwa nini watoto wetu wote wanalijua jiwe la Bilal, na karibu hakuna anayelijua neno la Ammar?

Tuanze kwa kuipa filamu haki yake, maana si uungwana kukosoa kitu bila ya kukipa chake. Moustapha Akkad, Msyria mzaliwa wa Halab aliyefanya kazi Hollywood, aliitengeneza mara mbili kwa pamoja. Tukio lilipigwa kwa Kiingereza na waigizaji wa Kiingereza, kisha likapigwa tena kwa Kiarabu na waigizaji wengine. Hamza wa Kiingereza ni Anthony Quinn na Hind ni Irene Papas; wa Kiarabu ni Abdullah Gaith na Muna Wassef. Kazi ilianza Morocco, ikasimamishwa huko, ikamaliziwa Libya kwa msaada wa Gaddafi, na filamu ikatoka mwaka 1976. Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington, na moja ya madai yao lilikuwa filamu hiyo isionyeshwe. Mwaka 2018 ikaonyeshwa katika majumba ya sinema ya Saudia. Akkad hakuwahi kuyaona hayo. Alifariki Novemba 2005, baada ya bomu la hoteli mjini Amman lililomuua na binti yake.

Ubora wake mkubwa ni ule ambao wakosoaji wa Magharibi waliuona kuwa ni udhaifu: Mtume (S.A.W.) haonekani wala hasikiki. Kamera inasimama mahali pake, watu wanaielekea na kuzungumza nayo, na jibu halisikiki. Wengine wanasema hilo linaifanya filamu iwe na shimo katikati. Sisi tunaona kinyume chake, kwamba ni hapo ndipo filamu inapopumua, kwa sababu macho yetu yanalazimika kuwatazama wale waliomfuata. Na kwa maoni yetu, anayetaka kuitazama na aitazame ya Kiarabu. Quinn ni mwigizaji hodari, lakini Muna Wassef akisimama tu ukutani unaijua chuki ya Hind ilikotoka.

Lakini kanuni hiyo ya kutoonyesha haikuishia kwa Mtume. Imewafunika wake zake na makhalifa wake pia, na hapo ndipo hasara inapoanza. Maana ukimwondoa Sayyidna Abubakar machoni pa watu, na ukamwondoa Bibi Ummu Salama, umeondoa nusu ya habari za mateso ya Makka: yule aliyewanunua walioteswa, na yule aliyetusimulia habari za waliokimbia.

Tukachukua kitabu. Sira ya Ibn Is-haq, aliyezaliwa Madina na kufariki karibu na mwaka 767, imetufikia kwa mkono wa Ibn Hisham aliyefariki mwaka 833. Si kitabu kigumu. Aliyezoea kusikiliza maulidi atakutana humo na watu anaowajua, ila atawakuta wamekaa vingine.

Jambo la kwanza analoliona msomaji ni kwamba mateso hayakuwa ya aina moja, wala hayakugawanywa sawa. Makka haikuwa na polisi wala jela. Kila mtu alilindwa na ukoo wake, na aliyekuwa na ukoo hakuguswa na mtu wa nje kwa kuogopa kisasi. Kwa hiyo wenye ukoo waliteswa na watu wao wenyewe. Mus'ab bin Umeir, kijana aliyekuwa akivaa na kujitia manukato kuliko vijana wote wa Makka, alifungiwa ndani na jamaa zake, mama yake akiwemo. Mama wa Saad bin Abi Waqqas aligoma kula na kunywa, akamwambia mwanawe kwamba atakufa na watu watamlaumu yeye. Hapo hakuna jiwe wala mjeledi, kuna mama amekaa chini na sahani mbele yake haigusi. Wenzetu waliofarakana na wazazi kwa ajili ya dini, ndoa au siasa, wawe wa dini yoyote, wataijua sahani ile kabla hawajaambiwa ni ya nani. Haikuingia katika kumbukumbu ya filamu, na tunadhani sababu ni kwamba haipigiki picha vizuri.

Wasiokuwa na ukoo ndio waliolazwa juani. Hao ni watumwa, waachwa huru, na wageni walioishi Makka kwa ahadi ya ulinzi. Yasir alikuwa mtu wa Yemen aliyefungamana na Banu Makhzum. Mkewe Sumayya alikuwa mtumwa wao. Wote wawili walikufa kwa mateso, na Sumayya, aliyechomwa mkuki na Abu Jahl, anahesabiwa kuwa shahidi wa kwanza katika Uislamu. Kwanza mwanamke, na mwanamke mtumwa. Filamu inatuonyesha kifo chao, na inakionyesha kwa heshima. Ila mtazamaji akitoka ukumbini, anayemkumbuka ni Bilal.

Tunaelewa kwa nini. Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar, anaicheza nafasi ile kwa utulivu ambao hauzeeki. Ile hatua anayoamriwa na Umayya ampige Ammar na akaachia mjeledi uanguke, ni sinema ya hali ya juu. Na siku ya kufunguliwa Makka, mwaka 630, anapopanda juu ya Al-Kaaba kuadhini, hatujaona ukumbi ambao hapana mtu anayefuta machozi. Hatulalamikii kwamba Bilal yupo. Tunalalamika kwamba amebebeshwa mzigo wa wenzake wote, juu ya lile jiwe lake.

Ammar, kwa mfano. Wafasiri wengi wanasema aya ya 106 ya Suratun-Nahl, inayomtoa lawamani aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia katika imani, ilimhusu yeye. Alipigwa mpaka akasema waliyotaka, akaja kwa Mtume analia, akaulizwa moyo wake ukoje, na akaambiwa wakirudia naye arudie. Ibn Is-haq ana maneno makali zaidi. Anaeleza kwamba Ibn Abbas aliulizwa kama mateso yalifikia kiasi cha mtu kusamehewa kuikana dini yake. Akajibu ndiyo, kwamba mtu alikuwa akipigwa na kunyimwa chakula na maji mpaka hawezi kukaa wima, na hapo angekubali chochote anachoambiwa. Hata akipita mdudu mweusi anayevingirisha kinyesi, wakamwuliza kama huyo ndiye mungu wake, angesema ndiye, ili tu wamwachie.

Mdudu huyo hatukuwahi kumsikia kwenye waadhi wowote. Tumekulia katika waadhi ambao kila aliyeteswa alistahimili, na aliyestahimili ndiye mfano. Lakini kitabu kinachoheshimiwa na hao hao wanaowaidhi kimewaacha waliovunjika wabaki ndani, kwa majina yao, bila ya kuwafuta. Na katika jamaa zetu hapa ughaibuni wapo waliosema wasiyoyaamini mbele ya watu wenye bunduki, Zanzibar mwaka 1964, Mashariki ya Kongo, Bujumbura, ili wafike salama na watoto wao. Wengi hawajawahi kuwasimulia watoto hao. Tunajua nyumba mbili tatu ambazo neno la Ammar lingekuwa dawa kuliko jiwe la Bilal.

Tuje kwa wanawake. Ibn Is-haq anawataja watu saba walioachwa huru na Abubakar kabla ya Hijra: Bilal, Amir bin Fuheira, na waliobaki wote ni wanawake. Yupo Ummu Ubeis. Yupo Zinnira, aliyepofuka, na Maquraishi wakasema ni Lata na Uzza waliomchukulia macho. Akawajibu kwamba wanasema uwongo, miungu hiyo haidhuru wala hainufaishi, na Mungu akamrudishia macho yake. Yupo mjakazi wa Banu Muammal, aliyekuwa akipigwa na Umar bin Khattab, kabla hajasilimu, mpaka Umar mwenyewe akachoka na kumwambia kwamba hakumwachia kwa huruma bali kwa kuchoka. Mjakazi akamjibu kwamba na Mungu amfanyie hivyo hivyo. Jina lake kitabu hakikulitaja. Tungetoa nusu saa nzima ya vita vya Badr vya Akkad, farasi na vumbi lote, tupate dakika moja ya mwanamke yule akijibu.

Na wapo Nahdiya na binti yake. Bibi yao, mwanamke wa Banu Abdi-Dar, alikuwa amewatuma na unga wake huku akiapa kwamba hatawaacha huru kamwe. Abubakar akapita, akasikia, akamwambia avunje kiapo chake. Bibi akamjibu kwa hasira kwamba yeye ndiye aliyewaharibu, basi awaache huru yeye. Bei ikatajwa, ikakubaliwa papo hapo njiani, na Abubakar akawaambia ni huru, wamrudishie unga wake. Wale wanawake wawili wakauliza: tuumalize kwanza, kisha ndio tumrudishie? Naye akawaambia, mkipenda.

Tuliposoma hapo tulifunga kitabu. Ni nini kilichowafanya waulize vile? Mazoea ya utumwa, yaani mikono haijasikia bado kwamba ni huru? Au ni uaminifu, kwamba kazi iliyoanzwa humalizwa hata kama ni ya adui? Au ni namna ya kumwonyesha yule bibi kwamba sasa wanaifanya kwa hiari yao? Mwanakijiji wetu mmoja, fundi cherehani, alisema kwa yakini kwamba ni hiyo ya tatu. Sisi bado hatujui, na kutojua huko ndiko kunakotufanya tuseme kwamba kisa hiki kina utajiri ambao jiwe halina. Jiwe linakuambia la kuhisi. Unga unakuacha ufikiri.

Kuna jambo zito zaidi katika orodha hiyo, na tumesita kabla ya kuliandika. Katika filamu Bilal ananunuliwa kwa fedha, na mnunuzi mwenyewe haonekani kwa sababu ya ile kanuni. Zipo riwaya za dhahabu, ni kweli. Lakini riwaya ya Ibn Is-haq ni nyingine. Abubakar alimwambia Umayya: ninaye kijana mweusi mwenye nguvu kuliko huyu, naye yuko kwenye dini yako, nitakupa huyo kwa huyu. Umayya akakubali. Bilal akaenda huru, na mtu mweusi mwingine akaingia nyumba ya Umayya mahali pake.

Huyo mwingine hana jina. Hana jiwe wala adhana. Katika miaka yetu yote ya maulidi na darsa hatujamsikia mtu akiuliza alikuwa nani.

Hatusemi haya kumlaumu Swahaba. Baba yake mwenyewe Abubakar, Abu Quhafa, alimlaumu kwa kuwaacha huru wanyonge badala ya wanaume wenye nguvu watakaomlinda, na Abubakar akamjibu kwamba anachokitaka kwa tendo hilo ni radhi za Mungu. Tunasema kwa sababu yetu sisi. Sisi ni watu wa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897. Oman ulisita rasmi mwaka 1970, wakati baadhi ya wanaosoma ukurasa huu wameshazaliwa. Katika ukumbi ule mmoja tuliketi wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa, na wengine ni wajukuu wa wote wawili. Sote tulilia kwa ajili ya Bilal. Kisha barza zikaendelea, na tunajua sote jinsi maneno fulani kuhusu asili ya mtu yanavyotoka pale binti anapoletewa posa. Bilal amekuwa mepesi mno kwetu. Tunamtaja ili tusitaje mengine.

Tumalizie na Uhabeshi, kwa kuwa hapo filamu inasifiwa kuliko mahali pengine popote. Mwaka 615 kundi la kwanza lilivuka bahari kumkimbilia Najashi. Baadaye wakafika wanaume karibu 83, bila ya kuhesabu watoto. Maquraishi wakamtuma Amr bin Aas akawarudishe. Jaafar bin Abi Talib akasimama, akasema, akasoma Surat Maryam, na mfalme akakataa kuwatoa. Earl Cameron, Mwingereza mzaliwa wa Bermuda, anamcheza Najashi wa Kiingereza kwa haiba ya mfalme wa kweli. Ni tukio zuri.

Lakini ni nani aliyetuhadithia hotuba ya Jaafar? Ibn Is-haq anaipokea kwa njia ya Ummu Salama, aliyekuwa huko na mumewe wa kwanza, miaka kabla hajaolewa na Mtume. Kwa kuwa baadaye alikuwa mke wa Mtume, kanuni imemtoa kwenye picha, na macho yaliyoona tukio ndiyo yasiyoonekana. Na yeye hakuishia pale mfalme alipokataa zawadi za Maquraishi, kama filamu inavyopenda kuishia. Aliendelea. Anasema walikaa kwa amani kwa jirani mwema, mpaka akatokea mtu kumnyang'anya Najashi ufalme, na hawakuwahi kupata huzuni kama ile, kwa kuogopa kwamba atashinda mtu asiyeijua haki yao kama Najashi alivyoijua. Majeshi yakakutana ng'ambo ya Naili. Wakaulizana nani ataenda kutazama. Akajitolea Zubeir bin Awwam, mdogo wao kwa umri. Wakampulizia kiriba cha ngozi, akakiweka kifuani, akaogelea. Wao wakabaki ukingoni wakimwombea mfalme Mkristo wa nchi ya watu ashinde. Mara wakamwona Zubeir anakuja mbio anapunga nguo yake.

Nani kati yetu hajasimama kwenye ukingo ule? Usiku wa uchaguzi wa nchi isiyo yetu, televisheni iko wazi, makaratasi ya makaazi yamo kwenye bahasha juu ya kabati, na tunasubiri kujua kama atakayeshinda ataijua haki yetu. Akkad naye alikuwa mhamiaji. Tunashangaa kwamba kiriba kile hakikuingia katika filamu yake.

Na wa mwisho ni Uthman bin Madh'un, ambaye hatukumwona filamuni. Alirudi kutoka Uhabeshi akaingia Makka chini ya ulinzi wa tajiri Walid bin Mughira. Wenzetu wa Ghuba watalielewa hilo upesi: alikuwa na kafili. Akatembea salama huku wenzake wakipigwa, mpaka nafsi yake ikamsuta. Akaenda msikitini pa Al-Kaaba, akamrudishia Walid ulinzi wake hadharani. Siku hiyo hiyo akabishana na mshairi Labid katika baraza la Maquraishi, akapigwa ngumi ya jicho. Walid, aliyekuwa karibu, akamwambia kwamba jicho lile halikuwa na haja ya kupatwa na yale, alikuwa katika ulinzi ulio imara. Uthman akajibu kwamba lile jicho lake zima ndilo lenye haja ya kupatwa na kilichompata ndugu yake.

Ramadhani ijayo filamu itaonyeshwa tena ukumbini. Tumeshazungumza na wenye ukumbi. Tutaomba isimamishwe mara mbili, pale kwenye jiwe na pale kwa Najashi. Bibi yetu amekubali kusimulia habari ya unga, kwa sharti kwamba yule mtoto akae karibu naye na asizuiwe kuuliza.